Farasi wa Kumi na Mbili

Habari za kifo chake zilinifikia Jumapili asubuhi, kwenye kundi la simu la sisi tunaosali pamoja kanisani Mesaimeer, hapa Qatar, kila Ijumaa, zikiwa zimebanwa kati ya tangazo la mazoezi ya kwaya na picha ya friji inayouzwa na mtu anayerudi nyumbani. Mlinzi wetu wa zamani, yule Mzee aliyewahi kuwa polisi kaskazini mwa Kenya, amefariki kwake Rumuruti, ameketi kwenye kiti chake nje ya nyumba, redio ikizungumza. Tulianza kuandika pole zetu. Mwenye friji, akidhani anajibiwa yeye, akaandika kwamba bado ipo na inafanya kazi vizuri. Nilicheka, kisha nikalia, kisha nikarudi kuhakiki kama neno "rambirambi" nililotuma nimeliandika sawasawa. Wasomaji wangu wa kila wiki mnanijua. Sikusomea kuandika mahali popote. Nimejifunza kwa kuvizia sentensi za watu na kuzifumua nyuzi, na mtu aliyejifunza hivyo huishi kwa hofu kwamba siku moja atakuja mkaguzi amwombe cheti.

Jioni ile ile nikapigiwa na binti yake. Hatujawahi kuonana. Alisema mazishi ni Jumamosi, na kwamba katika sanduku la baba yake wamekuta daftari jeusi lenye jalada gumu, limeandikwa kwa Kiingereza safi na mwandiko mzuri kama wa mwaliko wa harusi, na ndani yake kuna vita. Kuna kapteni mwenye magoti mabovu, kuna watu wanaoitwa Wakomanchi, kuna farasi kumi na mmoja walioibwa mtoni. Baba yake mdogo, ambaye ndiye mwandishi wa wasifu wa marehemu, alikuwa ameshaingiza aya nzima inayosema kwamba kaka yake, baada ya kustaafu upolisi, alikwenda Qatar akaongoza kikosi cha kulinda mpaka dhidi ya Wakomanchi. "Dada," akaniuliza, "kuna vita gani huko ambayo sisi hatukuambiwa? Na hawa watu wanaweza kutufuata?"

Kabla ya kuwaambia nilichomjibu, sharti nirudi nyuma, kwa sababu mwandiko ule ni wangu.

Nilikuwa karani mpya katika ofisi ya kompaundi moja ya nyumba za kupangisha, mtaa wa Abu Hamour, nikiwa bado kwenye miezi ya majaribio. Mzee alikuwa zamu ya mchana kwenye geti la mbele, katika kibanda chenye kiyoyozi na dirisha linaloona barabara yote. Wapangaji wanapohama mji huu huacha getini vitu ambavyo roho inakataa kuvitupa: mashine za mazoezi, mimea, viatu vya watoto. Mmoja aliacha boksi la vitabu, na ndani yake riwaya ya Kimarekani nene kama tofali, ya askari wazee wa mpakani waliokuwa wakipigana na Wakomanchi, wenyeji wa asili wa Amerika, katika nyika za enzi zile. Mzee aliitumia miezi mitatu kuuzuia mlango wa kibanda usijifunge. Siku moja mlango ukapata kitu kingine cha kuuzuia, naye akafungua ukurasa wa kwanza kwa kukosa kazi, na tangu hapo hakukuwa na mtu wa kumtuliza.

Maana alikisoma kitabu kile kama polisi anavyosoma faili. Sijawahi kuona riwaya ikikaguliwa namna ile. Pembeni mwa kurasa alikuwa ameandika kwa penseli: nani alimruhusu huyu kuvua viatu akiwa lindoni? Kwa nini moto umewashwa mahali pa wazi? Kapteni mmoja alikuwa na magoti mabovu, na mwenzake haoni mbali lakini hataki ijulikane, na Mzee aliwahurumia na kuwakemea kama watu waliokuwa chini yake. "Hawa wamezeeka, karani," aliniambia nilipompitishia karaki, chai ya maziwa na iliki. Jina langu hakulitumia hata mara moja, nilikuwa karani. "Mtu wa umri huu unampa kazi ya kukaa getini. Humpi farasi." Nikamtazama alipokaa. Akanitazama ninavyomtazama. "Ndiyo," akasema, "kama mimi. Mimi niko mahali pangu."

Wakati huo kampuni yake ya ulinzi ilitoa agizo jipya. Kwa miaka miwili Mzee alikuwa akijaza kitabu cha matukio, ambacho polisi wote wa Kenya hukiita OB, kwa maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya hali shwari, na siku za vumbi akaongeza la tatu: upepo. Sasa ikatakiwa ripoti ndefu, zenye saa, mahali, idadi na maelezo ya wahusika. Mzee aliingiwa na woga. Kiingereza chake kilitosha kusoma, ila kuandika kulimshinda. Mimi, ambaye siwezi kuona kitu kinachoweza kunyooshwa nikakiacha, nikajitolea kumfundisha. Nikamwambia tuchukue matukio ya riwaya tuyaandike kama ripoti: yeye aseme, mimi niandike safi, kisha anakili kwa mkono wake. Kila saa ya chakula cha mchana nilikwenda kibandani na sambusa zangu mbili, nikaketi juu ya ndoo, na Mzee akaninong'oneza mambo ya Wakomanchi kana kwamba ukuta una masikio.

Makosa yangu mawili naomba myaandike mahali. La kwanza: nilimnunulia daftari la mazoezi linalofanana kabisa na OB ya kampuni, jeusi, jalada gumu, kurasa zile zile, kwa kuwa nisingevumilia kuona vitabu viwili visivyolingana kwenye rafu moja. La pili: nililibandikia lebo yenye neno "Mazoezi", kisha nikaona imekwenda upande kidogo, labda unene wa ukucha. Nikaibandua ili nichape nyingine. Printa ya ofisi ilikuwa imeishiwa wino. Nikasema nitabandika kesho, na kesho zikawa nne.

Siku ya tano msimamizi wa walinzi, Mganda mmoja mpole anayeimba besi katika kwaya, alikuja kukagua OB. Mzee alikuwa amekwenda kumfungulia fundi wa mabomba. Msimamizi akachukua daftari jeusi lililokuwa karibu, akalifungua, na akasoma haya, ambayo nawatafsiria: "Saa tatu na dakika kumi asubuhi. Wakomanchi wapatao thelathini wameonekana magharibi mwa mto, wamepanda farasi, wana pinde na mikuki. Saa nne kasoro robo. Farasi kumi na mmoja wameibwa. Mlinzi wa zamu alikuwa amevua viatu. Kapteni ameshindwa kufuatilia kwa sababu ya magoti. Msaada umeombwa, haujafika."

Kama Mzee angeandika mwenyewe, msimamizi angedhani ni upepo umezidi. Lakini ule ulikuwa mwandiko wangu, na nukta zangu, na saa zilizopangwa kwenye safu. Kitu kilichoandikwa vizuri namna ile ni vigumu kisiwe kweli. Akampigia simu mudiri, meneja wangu, na mudiri akatoka ofisini kwake amekunja uso, akaniambia niandike tangazo la haraka kwa wapangaji wote. Alinisomea maneno, nami nikachapa: kumetokea wizi wa wanyama, wapangaji wenye farasi wahakikishe usalama wao. Nikarekebisha mkato mmoja. Nikarekebisha mwingine. Ni aliponitajia idadi, kumi na mmoja, na wezi, Wakomanchi, ndipo nilipoitambua ripoti yangu mwenyewe. Nami nikafanya jambo ambalo hadi leo silielewi: nikasoma tangazo upya, nikaona neno moja limejirudia, nikaliondoa, kisha nikalituma kwa nyumba zote arobaini.

Asubuhi ile ilikuwa na mambo yake. Mudiri alikunjua ramani ya kompaundi mezani akitafuta mto. Nchi hii haina mto hata mmoja, lakini msimamizi alikuwa mtu wa imani, akaweka kidole kwenye mfereji wa bomba la kumwagilia maua karibu na geti la nyuma, akasema kwa utaratibu kwamba huenda ni huu. Mpangaji mmoja alijibu tangazo akiuliza kama paka wanahesabiwa. Mwingine akauliza Wakomanchi ni kampuni gani ya usafi. Wa nyumba namba tisa akaja ofisini mwenyewe, jasho linamtoka, akakiri kwamba anafuga mbuzi bafuni tangu sikukuu iliyopita, kwamba watoto walimzoea kabla hajachinjwa, na kwamba yuko tayari kumhamisha leo leo, ila tusiwaite polisi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Mudiri akaandika neno mbuzi pembeni mwa ramani.

Mzee akaitwa. Alisimama mbele ya meza kwa mkao wa gwaride, kofia kwapani, akaeleza kwa unyoofu kwamba hilo ni daftari la mazoezi, kwamba Wakomanchi wako Amerika na wengi walishafariki, na kwamba farasi wote anaowajua wako kitabuni. Msimamizi akainamisha kichwa. Nadhani alikuwa anazuia kicheko. Mudiri hakuzuia kitu, kwa kuwa hakuwa nacho. Alikuwa ametangaza wizi wa farasi kwa nyumba arobaini. Akageuza daftari, akauliza swali moja tu: mwandiko huu ni wa nani?

Nilikuwa nimekaa pembeni, kalamu mkononi, nikiandika kumbukumbu za kikao kwa mwandiko ule ule. Nilibakiwa na wiki tatu za majaribio. Nilijua kwamba karani anayeandika ripoti za mlinzi hana kazi tena, na asiye na kazi hapa hana kibali, na asiye na kibali anafunga sanduku. Mzee alinitazama mara moja, kwa muda mfupi kuliko ninavyochukua kuwasimulia. "Ni wangu, bosi," akasema. "Nikitulia huwa naandika hivyo." Mudiri akamsukumia karatasi aandike mstari mmoja. Akaandika. Ulionekana kama kuku aliyekimbizwa akiwa na miguu ya wino. Mudiri akaangalia karatasi, akaangalia daftari. "Leo sijatulia," Mzee akasema.

Msimamizi akacheka sasa kwa besi yake yote, na kicheko kile ndicho kilichotuokoa, maana mudiri alichoka. Daftari akarudishiwa mwenyewe. Mzee akapewa barua ya onyo na akahamishiwa geti la nyuma, kwenye malori ya taka, ambako kibanda kilikuwa cha bati na kiyoyozi chake kilitoa sauti tu. Alikaa huko miezi minane, kiangazi chote, hadi mkataba wake ulipokwisha. Barua ya onyo niliichapa mimi. Haikuwa na kosa hata moja.

Sikumwambia asante. Sikumwambia samahani pia. Mtu wa namna yangu hutafuta kwanza maneno yaliyokamilika, na wakati anayatafuta, miezi minane inapita. Nilichofanya ni kumpelekea chakula geti la nyuma, nikikaa juu ya ile ile ndoo, naye akiendelea kunisimulia riwaya kana kwamba tumehama ofisi tu. Hapo ndipo tulipogombana kuhusu hesabu. Yeye alikuwa anasema farasi kumi na wawili. Mimi nikafungua ukurasa nikamwonyesha: kumi na mmoja, kapteni ametoa taarifa mwenyewe. "Kumi na mmoja ni wa taarifa," akasema. "Soma vizuri, karani. Kesho yake kapteni anatembea kwa miguu. Yule wa kwake yuko wapi? Wa kumi na mbili ni wake. Amewahesabu wa watu wote, wake ameona aibu."

Akaniambia ameyajua hayo kwa punda. Zamani, katika kituo kimoja kidogo kule kaskazini, wezi wa mifugo walipita alfajiri wakaondoka na ng'ombe wa wananchi, na pamoja nao punda wa kituo, aliyekuwa amefungwa kwenye mguu wa benchi ambalo yeye, akiwa kijana, alikuwa amelalia akiwa zamuni. Aliandika taarifa ya ng'ombe mmoja mmoja, rangi na alama zao. Punda hakumtaja. Na kwa kuwa punda hakutajwa, alibaki kwenye orodha ya mali ya kituo: punda mmoja, hali nzuri. Mkuu wa kituo akahama, akaja mwingine, akatia sahihi kwamba amempokea punda. Akaja wa tatu, akatia sahihi. "Hadi nahama mimi," Mzee akasema, "yule punda alikuwa na afya kuliko sisi wote." Tulicheka hadi dereva wa lori la taka akapiga honi kutuuliza kama tunafungua au hatufungui. Nami, msomaji mahiri, nilidhani tunazungumzia riwaya.

Kuhusu Wakomanchi wenyewe alikuwa na shauri lake. Miaka aliyowafukuza wezi wa mifugo ilimfundisha kwamba anayekimbia na ng'ombe wako usiku mara nyingi ana malisho yake yaliyoondoka mchana, kwa karatasi na muhuri. Katika ukurasa ambao askari wale wazee wanasherehekea kuiteketeza kambi, aliandika kwa penseli kwamba taarifa ya upande wa pili haijachukuliwa. Aliniambia hao watu wameibiwa nchi nzima, na hakuna OB iliyofunguliwa. Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayeona faili halina ukurasa.

Tangu niliposikia amekufa nimekuwa nikifikiria kazi hii ya kulinda, ambayo imewaleta watu wetu wengi katika mji huu. Kwenye kila mlango wa kioo kuna mtu wa Kisii, wa Mbale au wa Kakamega amesimama, na jioni anaandika kwamba hali ni shwari. Kisha anafika chumbani, anapiga simu nyumbani, na anasema tena yale yale. Tunaongea na mama zetu kama OB. Kazi iko sawa, chakula kipo, joto si kubwa. Tunahesabu yote yanayohesabika, yule mmoja tunamruka. Na kule nyumbani nao wanatujibu kwamba mvua imenyesha na mguu wa baba unaendelea vizuri, na pande zote mbili zinatia sahihi kumpokea punda ambaye hayupo.

Basi nilimwambia binti yake kila kitu. Nilikuwa nimejiandalia maneno kwenye karatasi, na sikuyasoma. Nilimwambia hakukuwa na vita, kwamba baba yake alilinda geti, kwamba Wakomanchi ni wa kitabuni, kwamba mwandiko ni wangu na lebo ni yangu. Alicheka sana kwenye mbuzi wa bafuni, akarudia kwa sauti ili wengine chumbani wasikie. Nilipofika kwenye kikao aliacha kurudia.

"Kwa hivyo alihamishwa kwa sababu yako," akasema.

"Ndiyo."

Nikasikia mtu akihamisha vikombe upande wao. "Yeye alituambia aliomba mwenyewe," akasema. "Alisema geti la nyuma lina kivuli kizuri."

Yeye ndiye aliyeendelea. Alisema baba yake mdogo ni mtu mbishi na hatakubali kuwaondoa Wakomanchi kwenye wasifu kwa maneno ya simu, maana ameshawasomea majirani na wamependa. Akaniomba niandike ukurasa mmoja, wenye ukweli wote, usomwe pamoja na aya yake, na watu waamue. Aliutaka kabla ya Ijumaa. Kwa mara yangu ya kwanza maishani niliandika kitu kwa saa moja na kukituma. Niliandika kwamba kibanda cha bati kilikuwa kibanda cha bati, na kivuli hakikuwepo. Niliandika nani alikaa kimya. Dakika mbili baadaye nikaona nimekosea herufi katika neno "marehemu". Nimeliacha, na bado linaniwasha.

Kama mnataka somo, nililolipata ni hili, nami nililipata kwa kuchelewa: kunyoosha maandishi ni rahisi kuliko kunyooka, na mimi nilikuwa nimeshika la kwanza badala ya la pili. Ripoti inaweza kuwa na saa, mahali, idadi na nukta zote, na bado ikawa ni mahali pazuri pa kujificha. Ukianza kuhesabu kilichopotea, anza na cha kwako. Vya wengine havitakimbia.

Jumamosi, kabla hawajakwenda kaburini, baba mdogo alinipigia mwenyewe. Sauti yake ilifanana na ya Mzee kiasi cha kunifanya nisimame. Alisema amesoma ukurasa wangu, kwamba atausoma wote, na kwamba Wakomanchi wanabaki. Lakini kuna mahali pamoja pamemtatiza, naye hataki kuaibika mbele ya watu. Daftari linasema farasi kumi na mmoja, na ukurasa wangu unasema kumi na wawili. Lipi ni sahihi?

"Kumi na wawili, mzee," nikamwambia. "Huyo mmoja alikuwa wangu."